Kioo Kilichompenda Dada

Juzi nilikuwa natia siki kwenye chupa ya achari, ikanimwagikia mkononi, na harufu ile ikanirudisha Sokomuhogo, kwenye kijichumba cha chini ya ngazi alimokuwa mjomba akisafishia picha zake. Dawa zake zilinuka vivyo hivyo, ukali wa kupanda puani na kukutoa machozi. Nikabaki nimesimama jikoni na chupa yangu mpaka mwanangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Ningemwelezaje kwamba nilikuwa naona wivu, kwa umri huu, kwa picha zilizopigwa yeye hajazaliwa wala babake hajanijua?

Wewe nitakueleza, maana kijicho cha utotoni hakina mtu asiyekijua.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya kuta nene za mawe na chokaa, na ndani yake kiza hata mchana. Jua lilishuka kwa ule uwazi wa katikati ya nyumba, likafika ukumbini limeshachoka. Nililetwa hapo kutoka Chwaka nikiwa mdogo, nipate kusoma skuli mjini, nikamkuta dada. Hakuwa wa tumbo moja nami. Alikuwa mtoto wa mama mkubwa, kanizidi kidogo kwa umri na sana kwa sura. Alikuwa na mwanya, na akicheka mashavu yake yanafanya vishimo. Tulilala kitanda kimoja na kula sinia moja. Asubuhi tulifagia ukumbi pamoja, yeye huku na mimi huku, tukakutana katikati. Tuligombana kama watoto wote wanavyogombana, lakini wivu hasa sikuujua mpaka ilipoingia ile kamera.

Mjomba alikuwa karani bandarini, kijana ambaye hajaoa, kofia yake ya viua daima imenyooka kichwani. Mzungu mmoja aliyekuwa akirejea kwao alimwachia kamera kuukuu ya Kijerumani, ya tangu kabla ya vita. Mwili wake ulikwaruzika, ngozi imebanduka pembeni, lakini mbele ilikuwa na lenzi pana kama mdomo wa kikombe, na ndani yake rangi ya zambarau ikichezacheza ukiielekeza dirishani.

"Kamera nyingine zinataka jua," alitueleza, "na zinataka mtu agande kama mlingoti. Hii mwanga mdogo unaitosha. Mtu anafanya kazi zake, mimi nshampiga, wala hajui."

Bibi aliitazama ile kamera, akasema, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda," akaendelea kukuna nazi yake.

Basi mjomba akawa hatulii. Akirudi kazini, kabla hajavua viatu, kamera iko shingoni. Alimpiga muuza kahawa akipuliza makaa yake, akawapiga wazee barazani wanabishana juu ya bao, akashuka Forodhani jioni kuwapiga watu wanaopunga upepo. Wa nje aliwaomba ruhusa baada ya kuwapiga, na aliyekataa alimpa picha yake aichane mwenyewe. Ndani ya nyumba alitupiga sisi tu, watu wake, na picha akazisafisha mwenyewe chini ya ngazi ili jicho la mgeni lisizione. Kisha alizitundika ukumbini kwenye uzi, kwa vibanio vya nguo, zikakauka huku zinajikunja.

Hapo ndipo msiba wangu ulipoanza.

Lenzi ile ilikuwa na tabia moja: ikimshika mtu, haimshiki mwenziwe. Anayelengwa hutoka utaona hata kope za macho yake, na walio nyuma yake wote huwa moshi. Na mjomba alimlenga dada. Dada anachagua mchele, dada anafungua dirisha, dada kainamia kisima, dada kacheka mpaka mwanya wote uko nje. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa na dada saa zote, nilikuwemo katika kila picha. Nilikuwa lile doa jeupe nyuma ya bega lake.

Siku moja bibi aliishika picha akaisogeza karibu na uso. "Na huyu hapa nyuma nani?"

"Jini la nyumba," dada akasema, na wote wakacheka. Nami nilicheka. Halafu nikapanda darini, nikakaa katikati ya nguo zilizoanikwa, nikalia mpaka magharibi.

Tangu hapo nikawa mtoto mwenye kazi. Nilijipaka wanja. Nilimwomba bibi anisuke upya, nywele zangu hazijachafuka. Nilijifunza wapi mwanga ulianguka saa gani, nikaenda kukaa pale na ungo wa mchele usio na haja ya kuchaguliwa. Mjomba akitokea, mgongo wangu wenyewe unanyooka na shingo inajipinda. Yeye huinua kamera, akaangalia, akaishusha.

"Mbona hunipigi, mjomba?"

"Unanitazama."

"Sikutazami."

"Hata ukifumba macho unanitazama, mwanangu. Mwenye kungoja kupigwa simpigi. Nenda kacheze."

Sasa niambie, ningefanya nini? Dada hakuwa na habari na kamera, ndiyo maana kamera ikamtaka. Mimi niliitaka, ndiyo maana ikanikataa. Usiku nililala nimempa mgongo, nikisikia anavyopumua, nikawaza kwamba hata usingizini anapendeza na kwamba si haki. Nilimwonea wivu mwanya. Nilikaa mbele ya kioo nikijibana mashavu kwa vidole ili nami nifanye vishimo, nikaambulia wekundu.

Ikafika alasiri ya mwisho ya Ramadhani. Nyumba nzima ilinuka iliki na nazi. Bibi alikuwa jikoni na tambi zake, na jirani yetu, mama mmoja mwenye mkono mwepesi, alikuja kututia hina ya Idi. Dada akaanza, kwa kuwa ndiye mkubwa. Jirani alimchora taratibu, ua baada ya ua, mpaka kwenye viganja vya mikono, na kila alipomaliza upande mmoja alisema, "Mikono ya bi harusi hii." Mimi nilikaa nyuma kwenye mkeka, kanga kuukuu, nywele sijachana, nimefunga na midomo imekauka, nikitazama kibakuli cha hina kinavyopungua. Niliona dhahiri kwamba mpaka nifikiwe itakuwa imebaki ya kupaka kucha tu. Nilimtazama dada. Kamera, mjomba, picha, yote yalinitoka. Nilimtazama yeye peke yake, kwa moyo wangu wote.

Sikusikia hata mlio.

Baada ya Idi mjomba alitundika picha mpya. Katikati yake, mbele kabisa, palikuwa na moshi mweupe wenye mikono iliyonyooshwa: dada. Na nyuma ya moshi ule kulikuwa na uso wa mtoto, umetoka wazi mpaka ukavu wa midomo, macho yanawaka kama makaa. Nilikaa muda kabla sijajijua.

"Hii ndiyo picha," mjomba alisema polepole. "Katika zote nilizopiga, hii ndiyo picha."

Dada aliisogelea. Aliitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena. Hakucheka. "Kumbe ndivyo unavyonitazama," akasema, akaenda zake jikoni.

Ingeishia hapo ningepona. Lakini mjomba alikuwa na rafiki mwenye duka la picha, Muhindi mmoja mpole ambaye kwenye kioo cha mbele cha duka lake aliweka picha nzuri za watu wa mji. Alikwisha kumwambia mjomba amletee moja. Sote tulijua itakuwa ya dada. Dada mwenyewe aliomba iwe ile ya dirishani. Mjomba akapeleka ile ya hina. Alimwomba bibi idhini, na bibi akasema mtoto mdogo hana aibu, na mkubwa ni moshi, nani atamjua.

Ndipo mambo yalipogeuka. Dada aliacha kusema nami. Alifagia upande wake, akifika katikati anarudi. Kitandani akaweka mto kati yetu. Nami nilikuwa nimepata nilichokitaka, uso wangu mbele za watu wote, na kila niliyepishana naye njiani niliona anasoma ndani ya macho yale siri yangu. Nilizunguka vichochoro nisipite dukani. Halafu nilizunguka tena nipite, nione kama bado nipo.

Mama alikuja kutoka Chwaka na kapu la samaki wakavu, kama desturi yake. Safari hii aliingia ukumbini kapu bado kichwani, hakuvua hata buibui.

"Shikamoo, mama," akamwambia bibi.

"Marahaba. Tua mzigo, mwanangu."

"Situi. Nimepita pale kwa Muhindi nikamwona mwanangu dukani. Hebu nambieni, mtoto huyu huku anashiba?"

Bibi aliweka chini mwiko. "Unasema nini?"

"Nimeuona uso wake. Huo uso wa njaa. Nnamchukua, narudi naye Chwaka. Skuli isiyo na chakula siitaki."

"Alikuwa kafunga," bibi akasema. "Ilikuwa mwisho wa Ramadhani."

"Nnawajua watoto waliofunga. Saumu haimfanyi mtu macho yale."

Mjomba alitaka kueleza habari za lenzi na mwanga, mama akamwambia anyamaze. Bibi alijifuta mikono kwa kanga. Alinitazama, yeye aliyekuwa akinipa mimi ukoko wa wali kila siku akisema ndio utamu wa chungu. Ningesema nilikuwa na njaa, ningerudi Chwaka, na bibi angebaki na aibu ile. Dada alisimama mlangoni.

"Haikuwa njaa, mama," nikasema. "Nilikuwa namwonea wivu dada."

"Wivu wa nini?"

"Hina. Na mwanya. Na kila kitu."

Huko nje bei za samaki zilikuwa zinanadiwa. Halafu dada akasema, sauti yake nyembamba, "Na mimi picha ile ilikuwa iwe yangu."

Mama alitua kapu. Alikaa juu ya mkeka, akajifunika uso kwa ukaya wa buibui, na mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na bibi naye akashikwa, wakacheka wote wawili mpaka bibi akashika ubavu. Sisi wawili hatukuona cha kuchekesha. Tulitazamana kwa hasira, mara ya kwanza tangu Idi, na usiku ule mto uliondoka kitandani bila ya mtu kuutaja.

Nilibaki mjini. Mama alikwenda dukani akaiomba ile picha, akaondoka nayo Chwaka imefungwa ndani ya kanga. Alisema mwanawe hawezi kukaa barabarani na macho kama yale, watu watadhani hana kwao. Muhindi akaweka mahali pake ile ya dada na dirisha. Siku niliyopita nikamwona dada amekaa pale, amecheka, jua la dirishani shavuni, nitakwambia kweli, wivu ulinipanda upya kama vile hakuna kilichotokea.

Miaka ilikwenda na mambo yakabadilika, kama unavyojua. Mjomba alihamia ng'ambo na kamera yake, na barua zake zikakoma. Bibi alifariki, nyumba ikagaiwa vyumba kwa watu wengine, na kijichumba cha chini ya ngazi sasa kinauziwa soda. Picha zile zilibaki ndani ya sanduku ukutani penye unyevu. Tulipolifungua zilikuwa zimegandana kuwa tofali moja, hukuweza kumtoa mtu humo bila kumchana mwingine. Ya Chwaka iliungua pamoja na paa la makuti la mama. Duka la Muhindi silioni hata pale lilipokuwa. Hakuna leo mahali popote duniani ambapo mwanya wa dada unaonekana, wala macho yangu yale.

Dada aliolewa Mombasa. Mara ya mwisho alipokuja alikuwa hawezi tena ngazi, tukakaa chini tukinywa chai ya mchaichai. Nikamwambia kwa mzaha kwamba hata leo nina uchungu wa kuwa moshi katika picha zake zote.

Alikitua kikombe. "Mjomba alikuwa anautazama mwanga," alisema. "Uso wangu ulikuwa unapita tu. Mtu aliyekuwa ananitazama mimi ni wewe. Nimeolewa, nimezaa, nimezungukwa na wajukuu, na hajatokea tena mtu wa kunitazama vile."

Nilimwongezea chai. Nilichokiona moyoni mwangu, Mungu anisamehe, kilikuwa ni kile kile cha zamani: nilimwonea wivu kwa neno lile, kwa kuwa nilitamani lingekuwa limetoka kwangu, naye kanitangulia. Haukupita mwaka akanitangulia kweli.