Viti Viwili vya Maili

Mume wangu ni fundi wa lifti, na kwa miaka thelathini kampuni yake imekuwa ikimrusha huku na huko kufunga lifti kwenye mahoteli ya watu. Kila safari shirika la ndege lilimwandikia maili, pointi za kubadilisha kwa tiketi, naye akazitunza kama mtu afugaye kuku asitake kuwala. Nikimwomba tuzitumie hata kwa safari ya karibu, jibu lake lilikuwa lilelile: "Haba na haba, mama watoto." Zikafika laki tatu na ushei. Mimi nilikuwa sijakanyaga ndani ya ndege.

Mwaka jana binti yetu, kifungua mimba wangu, alipiga simu kutoka huko aliko, mwendo wa saa kumi na sita angani. Alikuwa mjamzito, na mimba ilimsumbua. "Mama, uje kabla sijajifungua. Huku sina mtu." Nauli ya taslimu hatukuiweza hata kwa ndoto. Lakini maili zilikuwepo, za kuwatosha watu wawili kwenda na kurudi, na baba mtu akasema niachie mimi.

Nikamwachia. Hapo ndipo nilipokosea.

Maana kuwa na maili ni jambo moja, kupata kiti ni jingine. Kumbe kila ndege hutenga viti vichache tu kwa watu wa maili, na hivyo vichache vinagombewa na dunia nzima. Kila siku saa ya chakula cha mchana mume wangu alikaa mezani, simu kwenye spika, muziki wa kusubirishwa ukilia mpaka nikaujua wote kwa moyo. Chakula kikapoa. Akimpata mtu aliongea naye kwa upole ambao mimi huwa siusikii, kisha anakata. "Hakuna," ananiambia. Kesho yake hakuna. Mimba ikafika mwezi wa sita hakuna, wa saba hakuna. Viza zikatoka, mabegi nikanunua, bado hakuna. Nikaanza kuichukia ile simu.

Zilipobaki wiki tatu binti ajifungue, mume wangu aliitwa ghafla, lifti imekwama na watu ndani. Akachomoka na simu ya kazini, ile nyingine akaiacha mezani na muziki wake. Nikakaa kuisikiliza. Baada ya dakika arobaini akapokea dada mmoja, akafungua akaunti yetu. Nikamuuliza kama leo pia hakuna.

"Viwili hakuna, mama. Kimoja kipo, Alhamisi. Kimoja kimepatikana mara nyingi tu. Naona hapa kila tukimpa mzee anakikataa."

Damu ilinipanda kichwani. Nikamsihi atushikie hicho kiti. Akasema mwisho saa kumi na moja jioni.

Saa kumi mume wangu akarudi, grisi hadi kwenye viwiko. Sikumpa hata salamu.

"Kiti kimoja umekikataa mara ngapi?"

Akanawa mikono kwanza. "Mara sita. Au saba."

"Na mimi unaniambia hakuna. Mtaka yote hukosa yote, baba watoto. Mtoto kaniita mimi."

"Najua."

"Sasa?"

Akavuta kiti, asikae. "Yeye alipozaliwa nilikuwa nafunga lifti. Wadogo zake wote wawili, vilevile. Nikasema huyu mjukuu, angalau huyu, anikute."

Nilikuwa nimejiandaa kugomba mpaka giza liingie, badala yake nikakikalia kile kiti. Nilimwonea huruma, na hasira haikuniisha hata kidogo. Angeniambia tangu mwanzo, mmoja wetu angetangulia na mwingine akafuata. Sasa tuna wiki tatu na kiti kimoja.

Nikapiga mwenyewe. Muziki, muziki, kisha dada yule akauliza tiketi iandikwe kwa jina la nani. Nilimtazama mume wangu, nikataja langu. Akataka namba ya pasipoti. Maandishi yalikuwa madogo, na miwani sikujua nimeiweka wapi. Mume wangu akaichukua pasipoti mkononi mwangu, akaisogeza dirishani penye mwanga, akasoma tarakimu moja moja, polepole, kisha akairudia namba yote tangu mwanzo ili dada asikosee.