Viazi vya Kafedha Wakati wa Kafyu

Mtaani Junda, jioni ilianza pale Kafedha alipoinjika karai. Hapo kila mtu alimwita Mama Changawa, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa na jiko, meza na benchi kando ya ukuta wa duka lililofungwa, akitosa viazi vya kuchemsha katika unga wa manjano na kuvikaanga, huku wateja wamemzunguka, wengine wakitoka kazini, wengine wamebeba watoto, kila mmoja akidai aongezewe ukwaju.

Maradhi ya korona yalipoingia ikawekwa kafyu: giza likiingia, kila mtu awe ndani. Kafedha akajaribu kukaanga mchana. Watu walipita na barakoa zao, wakamsalimu kwa adabu, wakaenda zao. Hakuna aliyetaka viazi vya moto na jua la utosi. Asubuhi nayo ilikuwa ya jirani yake Rahima, muuza mahamri na mbaazi, na Kafedha hakuwa na moyo wa kumharibia.

Ndipo alipoanza kufunga viazi vilivyochemshwa, pakiti ya unga uliokwisha kutiwa viungo na chupa ndogo ya ukwaju. Watu wanunue alasiri, wakakaange wenyewe kwao.

Siku za kwanza zilikuwa za lawama. Nicanor, mtu wa bara aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Changamwe na kuishi peke yake, alimpigia simu.

"Mama Changawa, viazi vyangu vimevua nguo. Unga wote uko chini ya karai."

"Unavyo vingine?"

"Viko."

"Basi dondosha unga kidogo kwenye mafuta, kisha sogeza simu karibu. Usiizamishe, baba."

Kafedha akasikiliza, macho ameyafumba.

"Hayo bado yananong'ona. Ngoja yaseme."

Wakangoja pamoja. Mafuta yalipoanza kusema, akamwambia avitie kimoja kimoja, asiviguse mpaka vishike rangi. Kesho yake Nicanor akawasimulia wenzake, na tangu hapo simu ya Kafedha ikawa hailali jioni. Huyu unga wake mwepesi, yule ametia moto mkali. Kafedha aliwasikiliza wote, chakula chake mwenyewe kikipoa.

Rahima alimtazama, akatikisa kichwa.

"Shoga, wawafunza watu kuachana nawe. Kafyu ikiondoka, utamkaangia nani?"

Kafedha alicheka, lakini neno lile lilimkaa. Alilifikiria kila alipomenya viazi. Hata hivyo simu ikilia, aliipokea.

Hatimaye kafyu ikaondolewa. Jioni ile Kafedha aliinjika karai. Adhana ya magharibi ikapita. Mtaa ulikuwa unanukia viazi, ila harufu haikutoka kwake peke yake. Ilitoka madirishani, na ulikuwa unga wake mwenyewe. Akabaki kupanga sahani zilizokwisha kupangika.

Kisha akamwona Nicanor anakuja, mikono mitupu.

"Wewe si umekuwa fundi?" Kafedha akamuuliza.

"Fundi kabisa. Lakini nakula nikiangalia ukuta." Akakaa. "Niwekee vya kushiba."

Kafedha akamkaangia. Alimtilia ukwaju kabla hajadai. Wenzake wawili wa kiwandani wakamwona pale, wakaja kumcheka kwamba ameshindwa na jiko, nao wakaishia kuagiza. Baadaye wakaja na waume na wake zao, benchi likajaa, wakawa wanabishana ni nani kati yao aliyeunguza vingi zaidi, na Kafedha, aliyewasikia wote kwenye simu, akaombwa awe hakimu. Akakataa, akisema ataharibu ndoa za watu.

Wa mwisho kufika alikuwa Fancy, msusi wa mtaa ule, na sahani yake imefunikwa kitambaa. Alikuwa amekaanga kwake.

"Sitaki viazi, mama. Nataka ukwaju tu, na mahali pa kukaa."

Kafedha akafunua, akachukua kimoja, akatafuna polepole huku wote wakimtazama. Akasema chumvi haijatosha. Kisha akawaambia wanaume wajibane, Fancy apate nafasi.