Mdomo Wangu Nusura Umkate Mke Wangu Vidole

Lawama zote ni zangu, nalisema mapema msije mkahangaika kumtafuta mwingine. Mie ni mjinga, jamani! Tena si mjinga wa kuzaliwa, maana hao wana udhuru. Mie ujinga nimeusomea, nikaufanyia mazoezi kila Jumamosi, mpaka nikauonyesha hadharani.

Nina duka la vifaa vya ujenzi huku Temeke, duka la marehemu babu. Sie ni Waarabu wa hukuhuku, tumezaliwa kwenye misumari na mabati. Mke wangu nitamwita Mama Nasri. Si jina lake, na akijua nimeandika haya sijui nitakula wapi.

Bastola nilipewa kibali kwa ajili ya duka, kihalali kabisa. Rafiki yangu mmoja akaniambia, braza, badala ya kuiacha sefu inaota kutu, njoo kwenye klabu yetu ya shabaha nje ya mji. Nikaenda. Mchezo wenyewe ni hivi: unakimbia kwenye vichochoro vilivyojengwa kwa mbao, unapiga mabango ya kadibodi na sahani za chuma, na nyuma yako refa amekushikia taima ya kupima muda. Anayepiga vizuri tena haraka ndiye mshindi. Siku ya kwanza tu nikajua nimepata wazimu wangu.

Mama Nasri yeye alikuja kuniletea chakula. Refa mkuu, mzee mstaafu wa jeshi tunayemwita Afande, akamwambia, "Mama, hebu jaribu." Akajaribu. Sahani zote chini! Afande akanitazama mie, akamtazama yeye, akamjazia magazini nyingine. Baada ya muda naye akawa na kibali chake na bastola yake.

Ya kwake aliiacha kama ilivyotoka kwenye boksi. Ya kwangu ndiyo nikaanza kuipamba.

Nikampa fundi wa klabu triga ailainishe, akailainisha, nikamwambia bado, mpaka ikawa ukiitazama vibaya inalia. Nikaweka kioo chenye kidoti chekundu cha kulengea. Nikabadilisha mpini, nikatia wa rangi ya dhahabu. Springi nikabadilisha, nikarudisha, nikabadilisha tena. Bastola ikawa kama bajaji ya harusi. Ilipendeza, wallahi! Tatizo lilikuwa moja tu, haimalizi magazini moja ya risasi bila kukwama.

Bastola ikikwama katikati ya mashindano, tumefundishwa kutopoteza muda. Unagonga kitako cha magazini, unakoki, yaani unavuta bastola kwa juu iingize risasi mpya, unapiga. Gonga, koki, piga! Mie nilikuwa nakwama mara nyingi sana hadi mikono yangu ikawa inafanya yenyewe bila kuniuliza. Wenzangu walikuwa mabingwa wa kulenga, mie nilikuwa bingwa wa kukwamua.

Sasa sikilizeni. Mwaka huu klabu ilitangaza mashindano, na mwanamke atakayeshika nafasi ya kwanza anakwenda Afrika Kusini kutuwakilisha. Mama Nasri hajawahi kupanda ndege. Tangu nimuoe nimekuwa nikimwambia mwakani, mwakani. Nikamwona kashusha begi juu ya kabati, kalifuta vumbi, kaliacha pembeni ya kitanda. Nikajua huyu mtu anaitaka hii safari kuliko anavyosema.

Hapo ndipo mie mume mwema nikataka kusaidia. Laiti ningelala!

Klabu ina chumba cha kujazia risasi, kina kibali chake na msimamizi wake. Maganda yaliyokwisha pigwa tunayaokota, tunayasafisha, yanawekewa fataki mpya ya kuwashia na baruti, kisha juu yake unabana kichwa cha risasi. Ukijua kazi, unapata risasi laini inayokaa vizuri mkononi. Sheria za chumba kile kaziweka Afande, na hata mtoto anaweza kuzifuata. Simu inabaki nje. Hakuna maongezi. Na kabla hujabana kichwa, unachungulia ndani ya kila ganda kwa jicho lako uone baruti imo. Kila ganda!

Mama Nasri aliniambia wazi, "Mie nataka zangu za kiwandani, Baba Nasri. Nimezizoea."

"Hizo zinapiga teke mkononi," nikamwambia. "Nakutengenezea kwa mkono wangu. Utaona kama unapiga pamba."

"Hizo za teke ndizo zimenifikisha hapa."

"Sasa mumeo kazi yake nini?"

Akacheka, akasema haya. Ile haya yake naisikia mpaka leo.

Nikaingia chumbani. Msimamizi alipotoka kwenda kuswali Adhuhuri ilibidi na mie nitoke, ndiyo utaratibu. Nikamwambia nenda tu sheikh, namalizia. Alipogeuka, simu hiyo nikaitoa mfukoni. Kwenye grupu letu la klabu kulikuwa na kijana mmoja anauliza afanyeje asiwe na papara uwanjani. Na nani wa kumjibu kama si mie? Mkono mmoja kwenye wenzo wa mashine, mkono wa pili kwenye simu, namrekodia ujumbe wa sauti: "Mdogo wangu, siri ya huu mchezo ni utulivu. Unafanya jambo moja kwa wakati mmoja."

Yaani nilisema hivyo! Kwa mdomo wangu! Na huku wenzo unapanda na kushuka, maganda yanapita, na mie sichungulii hata moja.

Siku ya mashindano watu walijaa. Mpaka tunafika kituo cha mwisho cha kupigia Mama Nasri alikuwa anaongoza, na wa pili yake yuko mbali. Alichotakiwa ni kumaliza tu, hata kwa kutembea. Mie nilisimama nyuma ya kamba na kofia yangu ya klabu, nawaambia watu wasioniuliza kwamba hizo risasi ni kazi yangu.

Taima ikalia. Akaondoka. Kichochoro cha kwanza safi, sahani zinaanguka, ling, ling, ling! Akakata kona. Akainua bastola kwenye bango la pili.

Pu.

Haikuwa pa, ilikuwa pu, kama mtu katema kokwa ya ubuyu. Akasimama.

Mtu yeyote aliyehudhuria darasa la kwanza la Afande anajua maana ya mlio ule. Risasi haikuwa na baruti. Fataki peke yake imekisukuma kile kichwa, na nguvu zimeishia njiani, kimebaki ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake haina pa kupita. Bastola inapasukia mkononi mwako, na uso wako uko hapohapo nyuma yake.

Najua hayo yote. Na ile pu niliisikia, sitawadanganya. Lakini nilichokiona mie ni bastola imekwama, taima inakwenda na Afrika Kusini inaondoka. Nikapasua koo.

"Gonga! Koki! Piga! Mama Nasri, piga!"

Afande, aliyekuwa nyuma yake na taima, alikuwa anasema "simama", lakini yule mzee hana tabia ya kupiga kelele, na mie nina kelele za watu watatu. Halafu vile vizuia sauti alivyovaa masikioni ni vya umeme, vinapunguza mlio wa risasi na kupitisha sauti ya mtu. Nilimnunulia mwenyewe. Kwa hiyo alinisikia vizuri kabisa.

Akagonga.

Nikaona mkono wake wa kushoto unapanda juu kwenda kukoki. Na mie bado nafoka, "Koki! Piga!" Astaghfirullah! Hapo nilipokuwa nikirukaruka, nilikuwa namwamuru mama wa wanangu ajilipue mkono.

Mkono wake ukasimama hewani. Akaushusha. Mtutu kauelekeza palepale kwenye ukingo wa mchanga unaozuia risasi, akasema kwa sauti ya kawaida, "Afande, sipigi. Njoo uangalie."

Afande akaitoa magazini, akafungua bastola, akachukua fimbo nyembamba ya shaba akaipitisha kwenye mtutu. Ilitakiwa itokee upande wa pili. Ikaishia katikati. Akaisukuma tena taratibu, ikagoma. Wote waliokuwa karibu nami wakasogea mbali kidogo.

Afande akauliza, "Risasi hizi katengeneza nani?"

Basi lile domo langu, lililokuwa halishikiki, likatafuta pa kujificha. Watu wananitazama. Nikasema, "Afande, nadhani zimechanganyika. Mama Nasri huwaga anaweka za kila aina kwenye begi lake."

Nilisema hivyo. Andikeni mnavyotaka kuniita, nimeshajiita yote.

Mama Nasri aligeuka akanitazama. Hakukasirika, ingekuwa nafuu. Akamwambia Afande, "Ni zangu. Kosa langu." Na kwa sheria zetu mpigaji ndiye mwenye dhamana ya risasi zake, kwa hiyo kituo kile akaandikiwa sifuri, akashuka, na safari ikaenda kwa mwenzake. Akampa mkono wa hongera mbele yangu.

Nyumbani nikamkuta jikoni anachambua mchele. Nikasimama mlangoni kama mgeni.

"Mie nilikusikia," akasema bila kuinua uso.

"Najua. Nisamehe."

"Hujui. Nilishagonga. Mkono ulishakwenda kukoki. Miaka yote hii ukisema jambo mie naanza kulifanya kabla sijalifikiri."

Nikageuza ndoo nikakaa. "Sasa nini kilikuzuia?"

"Sauti yako. Wewe ukiwa na uhakika na jambo hupigi kelele. Ile ilikuwa sauti ya siku tunakwenda harusini Bagamoyo."

Siku hiyo nilipotea njia nikakataa kuuliza. Nikawa nafoka "Ni hapa! Kata hapa!" mpaka tukatokea kwenye shamba la mananasi la watu, na harusi imeisha. Nilikuwaga naisimulia kama kichekesho.

Akaweka ungo chini. "Safari nitakusamehe. Bastola nitakusamehe. Lakini umesimama mbele za watu ukasema nachanganya risasi. Mie! Mie ninayekupangia hata soksi!"

Nililia, ndugu zangu. Mwanamume mzima na ndevu zangu, juu ya ndoo.

Jumamosi iliyofuata nikaenda klabu na zile risasi zilizobaki, nikamwamkia Afande shikamoo, nikasema kila kitu mbele ya wote. Simu, msimamizi kwenda kuswali, uongo nilioutoa uwanjani. Nilitegemea watacheka. Hakuna aliyecheka. Afande akachukua zile risasi, akawa anang'oa vichwa moja baada ya nyingine na kuzigeuza juu ya kiganja. Baruti. Baruti. Baruti. Halafu ikaja moja akaigeuza, hakikuanguka kitu. Akaendelea. Ikaja nyingine.

Mama Nasri alikuwa amesimama pembeni yangu. Alipoiona ile ya pili akaushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akaukumbatia. Mie nikaangalia chini.

Matokeo hayakubadilika. Mwenzake ameshakwenda Afrika Kusini na ameshatuma picha. Jina la Mama Nasri Afande kalisafisha kwa tangazo mbele ya wanachama. Langu limebadilishwa, sasa hivi naitwa Bwana Koki-Piga, na kwenye grupu kuna stika yangu nimepanua mdomo, kofia imekaa upande. Chumba cha risasi nimepigwa marufuku. Kazi yangu ni kuokota maganda na kumshikia mke wangu chupa ya maji. Ile triga nimemrudishia fundi airudishe ilivyokuwa, na mpini wa dhahabu nimeutoa. Siku hizi bastola yangu haikwami, na nimegundua kwamba hata isipokwama silengi vizuri.

Juzi Jumamosi Mama Nasri alikuwa uwanjani, na risasi zake za kiwandani za teke. Katikati ya kituo bastola ikanyamaza. Jamani, uwanja mzima, kama walioambizana, hawakumtazama yeye, walinitazama mie! Nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili, chupa ya maji ikaanguka. Yeye akatulia, akaangalia, akaona ganda limebanwa tu. Akalitoa, akamaliza. Akaja kuchukua maji yake yaliyomwagika nusu.

"Umejitahidi," akaniambia.

Basi nyie mnaojaza risasi, simu iacheni nje, na mchungulie kila ganda hata kama mnajiona mmezaliwa humo. Ukisikia pu, simama, hata kama anayekuambia endelea ni mumeo. Na wewe uliye nyuma ya kamba, mwenye domo kama langu, lizoeshe kufunga mapema. Langu lishamnyima mke wangu ndege, na ule mkono anaonikandia chapati bado upo kwa sababu siku ile aliacha kunisikiliza.