Siku Mama Alipoketi Mbele ya Lori

Ndege waitwao kwarara wanapopita alfajiri juu ya paa letu hapa mtaa wa Tena, Nairobi, wakilia kama mlango wa bati wenye kutu, jirani yangu huwalaani. Mimi hutabasamu. Kelele hizo hunirudisha Njiru, kwenye bwawa lililokuwa nyuma ya nyumba zetu, ambako mama yangu alilima sukuma wiki.

Wanawake walichota maji ya bwawa kwa ndoo wakamwagilia mboga, nasi watoto tukatumwa kufukuza ndege. Walikuwa wengi ajabu: yangeyange weupe kama sare ya kwaya, mdiria wa buluu aliyejitupa majini kama jiwe, mnandi aliyeanika mabawa yake juani, na bata waliofika msimu mmoja na kutoweka mwingine. Mama, mzaliwa wa Kakamega, aliwagombeza wote kwa Kiluhya. Niliamini anawachukia.

Asubuhi moja malori ya kifusi yakaja. Mtu mmoja alidai amenunua mahali pale, na bwawa litajazwa ajenge nyumba za kupangisha. Lori la kwanza likamwaga mzigo juu ya matete yenye viota. Ndege wakaruka wote kwa pamoja. Mama akatua ndoo, akaenda kuketi mbele ya lori la pili, akanyoosha miguu kama aliye mlangoni pake.

"Mathe, toka hapo tufanye kazi," dereva akasema.

"Zunguka."

"Nizunguke wapi na njia ni hii moja?"

"Basi umejijibu."

Mwenye ploti akashuka garini. "Mama, mboga zako nitakufidia. Shida iko wapi?"

"Na hao watahamia wapi?" Mama akaonyesha juu.

"Hao ni ndege tu."

"Hata mimi nilipotolewa nyumbani kule mtaa wa Ziwani niliambiwa ni mpangaji tu. Sitoki."

Jirani yetu, Mama Atieno, akaja akaketi kando yake, kisha wengine. Nami nikaketi, changarawe ikinichoma mapaja. Jua lilipokuwa kali dereva alizima injini, akaomba maji ya kunywa, na Mama akampa. Jioni malori yakaondoka.

Nilirukaruka njia nzima hadi nyumbani. Mama aliniambia tu nioshe miguu. "Kesho watarudi," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja mvua.

Walirudi, mara nyingi, na nusu ya bwawa leo ni magorofa. Nusu nyingine ipo kwa sababu kila walipokuja walimkuta mtu ameketi. Utotoni nilidhani ushindi ni wa siku moja, kama mechi. Ilinichukua miaka kuelewa kwa nini Mama hakushangilia.

Siku hizi mimi na majirani wetu wa zamani wa Njiru tunapanda matete upya ukingoni mwa bwawa. Mwezi uliopita wapimaji wa ardhi walikuja wakapigilia vigingi kwenye matope. Tuliving'oa, tukaviosha, tukawarudishia kwa adabu.