Kipande cha Tepu Nyeusi

Nina hasira za karibu, na sijawahi kuzificha. Nikiudhika, duka langu lote la ushonaji linajua, na wateja wanaoleta watoto kupimwa sare za shule huulizana mlangoni kama waingie au warudi kesho. Lakini hasira ninayoisimulia hapa si ya kupiga kelele. Imenikaa tumboni tangu mvua zilizopita, na haijapata njia ya kutoka.

Ilianza na taa. Gari langu ni dogo, lilitumika Japani miaka mingi kabla ya kunifikia, na ndilo gari la pekee katika familia yetu. Siku moja nikitoka kumrudisha mama nyumbani kwake Navakholo, taa ya manjano iliwaka kwenye dashibodi: picha ya kagari kanakoacha nyuma yake mistari miwili iliyojipinda. Kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani, kwa hiyo nikampigia simu ndugu yangu mdogo.

Ndugu yangu ni makanika. Baba alipofariki, ni mimi niliyemlipia chuo cha ufundi, na alipofungua kibanda chake mjini Kakamega, ni mimi niliyemshonea ovaroli ya kwanza, nikalidarizi jina lake kifuani kwa uzi mwekundu. Tangu hapo ikawa sheria ya nyumbani ingawa hakuna aliyeitangaza: gari haliguswi na fundi wa nje. Mama alikuwa akisema kwamba kumpelekea mtu mwingine gari ni kumkana mtoto wetu mbele ya watu.

"Hiyo ni taa ya kuzuia gari kuteleza, sista," aliniambia nilipolipeleka kibandani kwake, akiwa ameinamia usukani. "Kompyuta huwa inasaidia magurudumu kushika barabara. Sasa sensa moja imekufa, hiyo kazi yote imezimika. Lazima tununue ingine."

Bei aliyoitaja ilinikalisha juu ya tairi kuukuu. Nilikuwa na pesa kiasi hicho, lakini zilikuwa za mabati ya jikoni kwa mama, ambako mvua ikinyesha sufuria zinakaa chini kukinga matone. Nikawaza: mama anapanda gari hili kila mwezi kwenda kupimwa presha, na barabara ya kwake ni ya udongo, ikilowa unateleza hata ukitembea kwa miguu. Afadhali jiko livuje. Nikampa pesa zote.

Alinirudishia gari likiwa limeoshwa linang'aa, na taa haipo. Nilifurahi kupita kiasi, ndivyo nilivyo. Jumapili, wakati wa ushuhuda, nilisimama kanisani nikamshukuru Mungu kwa kunipa ndugu fundi. Nikasema wengine wanadanganywa na makanika, lakini mimi wangu nimezaliwa naye tumbo moja. Watu wakapiga makofi. Ndugu yangu alikuwa anaangalia viatu vyake. Mama alikuwa anafungua kitambaa chake cha kichwa na kukifunga upya. Nilidhani ni unyenyekevu wa wote wawili, nikarudi kuketi moyo ukiwa mweupe.

Baada ya hapo mama alibadilika garini. Alihamia kiti cha nyuma, eti anataka kunyoosha miguu. Alikamata kile kishikio cha juu ya mlango kabla hata sijawasha injini, na maombi yake ya safari, ambayo zamani yalikuwa sentensi mbili, yakawa marefu kama ya harusi.

"Polepole, mama," aliniambia, maana huniita hivyo kwa kuwa nimebeba jina la mama yake.

"Unaogopa nini na fundi ni wako?" nikamtania.

Alikaza mkono kwenye kishikio.

Mvua kubwa ilitukuta siku ya kliniki, tukiwa tumetoka tu kwake. Niliendesha kama mtu aliyeulipia usalama wake. Kwenye kona ya mteremko gari likaanza kwenda kiubavu, nyuma ikataka kuwa mbele, nikazungusha usukani na hakuna kilichoshika. Tukaingia kwenye shamba la miwa. Miwa ndiyo iliyotusimamisha. Mama aliumia kifundo cha mkono wa kushoto, nami wakata miwa waliokuja kutusaidia wakanitoa garini, wakanikalisha chini.

Nilimpigia ndugu yangu, simu ikaita hadi ikachoka. Ndiyo sababu, kwa mara ya kwanza, gari langu lilivutwa hadi kwa fundi wa nje.

Fundi huyo aliniambia nifungue swichi bila kuwasha injini. "Angalia, taa zote hujionyesha kwanza, ndipo zinazimika," alisema. "Hii ya kuteleza mbona haijaamka na wenzake?" Akaifungua dashibodi. Nyuma ya ile picha ya kagari palikuwa na kipande cha tepu nyeusi ya umeme, kimekatwa mviringo, vizuri kabisa. Alipokibandua, taa ikatuangaza usoni. Ilikuwa inawaka siku zote hizo.

Nikakumbuka ndugu yangu alivyopita dukani kuazima mkasi wangu mdogo, akaurudisha ukiwa na gundi. Nilimgombeza kwa sababu ya gundi.

Angeniambia ameshindwa, ningefoka, ndiyo, halafu ningeendesha taratibu. Taa ile ilikuwa inanionya. Yeye aliiziba mdomo, akaniacha nijiamini kwenye tope, mama akiwa nyuma yangu. Sijawahi kujiona mjinga namna ile, na nilichukia hata makofi ya kanisani.

Nilikwenda kwa mama nikiwa nimejipanga kumwambia kwa upole, nikiogopa presha yake. Nilimkuta kizingitini mwa jikoni, mkono mmoja umefungwa bendeji, mwingine unanyambua majani ya kunde kwenye beseni.

"Mama, ile taa haikutengenezwa. Ilifunikwa."

Hakuinua kichwa. "Aliniambia."

"Lini?"

"Kabla ya ile Jumapili yako ya ushuhuda. Alikuja hapa akalia kama mtoto. Ile spea alinunua ilikataa, mwenye duka naye akakataa kuirudisha, na pesa yako ilikuwa imeisha. Akaogopa kukuambia. Na mdomo wako tunaujuanga."

Nilishika mlango. Nilikuwa nimekuja kumshtaki mtu mmoja.

"Kwa hivyo ulikuwa unajua, na bado ulikuwa unaingia garini?"

"Si nilikuwa naingia na wewe kila mara?" alisema, na sasa akaniangalia, macho yake hayana hatia yoyote. "Ningekuacha uende peke yako? Nilikuwa nakaa pale nyuma naomba. Kama ni kufa, tungekufa wote."

Aliyasema kama mtu anayetoa zawadi. Niliona kwamba anaamini kila neno, na hilo ndilo lililoniuma kuliko tepu.

"Mama," nikamwuliza, "nikishakushusha hapa, nani hurudi na mimi mjini?"

Mkono wake mzima ulisimama juu ya beseni. Halafu akachukua jani jingine, akalinyambua, na lingine, hadi kunde zikaisha.