Sauti Niliyoimalizia Studio

Albamu yangu ya kwanza ilikuwa imebakiza nyimbo mbili tu, na hapo ndipo nilipokosea.

Mimi huimba kantri, ule muziki wa gitaa wa wachunga ng'ombe wa Kizungu. Ukicheka sikulaumu: binti wa Kishia, mzaliwa wa Arusha, anaishi ughaibuni, Richmond Hill, na mama yake, mtandio kichwani, gitaa begani. Muziki huu niliurithi kwa marehemu baba, aliyeusikiliza redioni dukani kwake. Mama aliuvumilia kwa sharti moja: ikiingia Muharram, mwezi wetu wa kumwomboleza mjukuu wa Mtume, gitaa linafungiwa kabatini, na mimi nawasomea wanawake maombolezo kwenye majlisi. Kusoma huko alinifundisha yeye mwenyewe, kabla kifua hakijaanza kumsumbua.

Nilipopanga siku za kurekodi nilitazama kalenda ya ofisini. Nikasahau kwamba mwezi wetu hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka. Studio ikaangukia siku ya saba ya Muharram. Nikampigia prodyuza asogeze. Akasema wapiga vyombo wanaondoka wiki hiyohiyo kwa ziara ndefu, na hajui lini atawapata tena. Albamu ile nilikuwa nimeihangaikia miaka minne, nikiimba kwenye mikahawa ambamo hakuna aliyeacha kutafuna ili anisikilize. Nikamwambia nitakuja.

Mama nilimdanganya kwamba nakwenda kazini. Niliimba tangu asubuhi mpaka alasiri. Wimbo wa mwisho ulikuwa wa kumlilia baba, na prodyuza aliurudisha tena na tena mpaka koo likawaka moto. Hatimaye akaridhika, akaniuliza nani alinifundisha kuivuta sauti vile. Nikasema mama. Niliona aibu kama mwizi.

Jioni, wanawake wameketi chini na nguo zao nyeusi, mama akanipa maikrofoni. Ubeti wa kwanza ulitoka kwa kukwaruza. Wa pili haukutoka kabisa. Wanawake wakaangua kilio, wakidhani uchungu umenikaba. Mama hakulia. Alinitazama, akaichukua maikrofoni taratibu, akasoma mwenyewe mpaka mwisho, akisimama mara kwa mara kukohoa.

Kwenye gari nikasema, "Mama, nisamehe. Nilikuwa studio."

"Najua. Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya. Funga mkanda, mwanangu."

Hakunigombeza, si siku ile wala baadaye. Laiti angenigombeza.

Albamu ilitoka, na wimbo ule wa baba ndio unaosifiwa kuliko zote. Muharram iliyofuata ilipokaribia, gitaa nililifungia mapema, nikasubiri kuitwa. Jumapili moja akaja binti wa jirani. Mama akamketisha sebuleni, akamfungulia kitabu cha maombolezo. Nilikuwa jikoni nakatakata vitunguu, nikamsikia akimwelekeza pumzi aivute wapi na sauti aishushe wapi, kwa maneno yaleyale aliyonifundishia mimi.