Chai kwa Wanaokuja Kinyumenyume

Bwana Siamak ndiye aliyemgonga Bwana Manuchehr kwa gari, na ndiye aliyelia kuliko mgonjwa. Alimwokota mwenyewe kutoka mtaroni, akamlaza kwenye kiti cha nyuma cha gari lile lile, akampeleka hospitali, akakaa koridoni akijipiga kifua mpaka daktari akamwomba aende nyumbani. Kesho yake alikuja kumjulia hali mke wa mgonjwa na shada la maua kubwa kuliko kiti. Bi Farangis alichungulia dirishani akaona yale maua ndiyo yanayotangulia kufika, kwa sababu gari la Siamak lilikuwa linaingia uchochoroni kinyumenyume, kama jana.

Ndivyo tulivyo Tehran, na wala sitaki kututetea. Mwanamume wa mji huu akiwa kwa miguu ni malaika. Mlangoni pa lifti atasimama na mwenzake, huyu "tangulia wewe", yule "haiwezekani, tangulia wewe", mpaka lifti ifunge mlango wake ipande tupu. Mpe usukani mtu huyo huyo, hatampisha hata mama yake mzazi.

Uchochoro wa Yasi ni wa njia moja. Magari yanatakiwa kushuka tu, na kibao kipo, kimepigwa rangi upya. Anayetoka barabara kubwa ya chini anatakiwa azunguke mpaka juu ndipo aingie. Nani ana subira hiyo? Basi watu hugeuza magari yao hapo chini, makalio mbele, wakapanda kwa rivasi mpaka milangoni kwao. Ukiwauliza, wanakushangaa wewe. Pua ya gari si inatazama kunakotakiwa? Sheria inaangalia pua.

Bi Farangis alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya wasichana mpaka alipostaafu, na darasa zima lilikuwa likinyamaza akivua miwani tu. Alijaribu kuwavulia miwani madereva wa rivasi. Walidhani anawasalimia, wakampigia honi.

Angevumilia hayo yote kama si Manuchehr. Nyonga ilikuwa imeunga vizuri, na daktari alisema waziwazi: huyu mzee atembee nje kila siku, la sivyo mguu utakakamaa, na baridi ikiingia akiwa bado ndani, asahau tena barabara. Kila asubuhi Manuchehr alivaa kofia yake ya pama, akashika fimbo, akafika mpaka getini. Hapo alisikia mlio wa gari linalorudi nyuma, ule mlio mwembamba wa kulalamika, akageuka.

"Leo kuna upepo," alisema.

Kesho yake palikuwa na vumbi. Keshokutwa eti viatu vilimbana. Mtu huyu ndiye aliyekuwa akienda kununua mkate tangu walipooana, akachelewa makusudi ili apige soga na wazee wenzake, akarudi na mkate mrefu wa moto ukining'inia mkononi, umenata vijiwe vya tanuri, kwa kuwa mkate huo huokwa juu ya kokoto za moto. Sasa walikula mkate wa dukani, wa kwenye mfuko wa plastiki, laini kama sponji. Na Manuchehr, kwa kukosa pa kwenda, alihamia jikoni.

"Farangis, huu mchuzi umeutia manjano kidogo."

"Nimeupika hivi miaka yote ya ndoa yetu."

"Ndiyo, na miaka yote nilikuwa natoka asubuhi sioni."

Alizipanga upya kabati. Chumvi ilihamia kwenye kopo la sukari. Bi Farangis alimpenda mumewe na alitaka atoke nyumbani kwake, na mambo hayo mawili hayakupingana hata kidogo.

Alikwenda kwa askari wa barabarani, Afande Bahador, aliyekuwa akisimama kivulini kwenye mzunguko, akikamata wasiofunga mkanda kwa sababu hao huonekana bila mtu kujisogeza.

"Afande, kwenye uchochoro wetu watu wanapanda kwa rivasi."

"Pua inatazama wapi, mama?"

"Chini."

"Basi hapo mama yangu pana utata."

"Utata gani? Mume wangu amevunjika nyonga. Nyonga haikuuliza pua iko wapi!"

Afande aliona haya. Aliweka mkono kifuani, akainama kidogo, akaongea ile lugha tamu ambayo sote tumelelewa nayo.

"Juu ya macho yangu, mama. Mimi ni mtumishi wako. Wewe niite tu, hata ukitaka nije nisimame mlangoni kwako kutwa nzima, nitasimama."

Maneno hayo kwetu ni kama habari za asubuhi. Dereva wa teksi atakuambia usilipe, na ole wako usilipe. Mwenye duka atakuambia duka ni lako, wewe jaribu kuchukua funguo. Jibu la mtu mwenye adabu ni kumwombea mwenzako maisha marefu na kushika njia. Bi Farangis alimwombea Afande maisha marefu, akashika njia. Lakini njiani alikuwa akipiga hesabu.

Alikuwa amegundua kwamba hakuna sheria ya barabarani ambayo watu wa Tehran wanaiogopa, ila ipo sheria ya chai, na hiyo hakuna anayethubutu kuivunja. Ukikaribishwa chai na mwanamke wa makamo, unakataa mara ya kwanza kwa sababu ni adabu. Unakataa mara ya pili ili aone hukuja kwa ajili ya chai. Mara ya tatu ukikataa umemtukana yeye na ukoo wake.

Asubuhi iliyofuata aliweka kigoda katikati ya uchochoro, mbele ya geti lake. Juu ya kigoda aliweka sinia, na kwenye sinia glasi ndogo, bakuli la vipande vya sukari na tende. Samovari, lile birika kubwa la maji ya chai, ilikuwa inatokota ukumbini. Kisha akajitanda vizuri, akangoja.

Wa kwanza alikuwa Siamak, bila shaka. Alikuja kwa rivasi, gari likilia, shingo ameikunja, akaona sinia, akafunga breki. Akapiga honi kidogo, kwa heshima. Bi Farangis akasogea dirishani na glasi mkononi.

"Karibu chai, Bwana Siamak."

"Ahsante, mkono wako usipatwe na maumivu, Bi Farangis. Nina haraka kidogo."

"Haiwezekani. Umefika mpaka mlangoni kwangu."

"Wallahi nisikusumbue."

"Kwani chai yangu ina ubaya gani?"

Ikawa mara ya tatu. Siamak alizima gari, akashuka, akafunga kifungo cha koti, akawa malaika. Alipokea glasi kwa mikono miwili na kuuliza habari za mguu wa Mzee kwa huzuni ya kweli kabisa.

Nyuma yake ikaja teksi, nayo kinyumenyume. Dereva akatoa kichwa apige kelele, akakutana na sinia. Nyuma ya teksi likaja gari la fundi friji, na friji lenyewe juu. Hapo hapo, kutoka juu, likashuka gari jeupe pua mbele, halali kabisa, na mwenyewe alipoona makalio ya magari matatu yakimtazama alikasirika kuliko wote. Naye alipewa chai. Kila aliyeshuka aligeuka mtu mwema papo hapo. Walipishana kwenye bakuli la sukari kama mabalozi. "Chukua wewe." "Siwezi kabla yako." Huko chini kwenye barabara kubwa, waliokwama walipiga honi mpaka njiwa wakahama mtaa.

Dirisha la ghorofani likafunguka.

"Farangis!" Alikuwa Manuchehr. "Hiyo ni ile chai ya wageni?"

"Na hawa ni nani?" mkewe alimjibu.

"Ni wapuuzi!"

Wote wanne walimwinamia kwa heshima na kumtakia afya njema.

Kelele zilimleta Afande Bahador. Alikuja na gari la doria, na kwa kuwa barabara ya juu ilikuwa mbali, alikuja kwa rivasi. Mpaka hapo Bi Farangis alikuwa amejizuia asicheke. Alimwona Afande akishuka, akirekebisha kofia, akitafuta sura ya kazi.

"Nani amefunga barabara?"

"Karibu chai, Afande."

"Mama, niko kazini."

"Najua. Nami nimekusubiri." Alivua miwani yake, na safari hii kila mtu alinyamaza. "Afande, ile siku uliniambia wewe ni mtumishi wangu, na nikitaka utakuja usimame mlangoni kwangu kutwa nzima. Nimefikiri sana. Nimekubali."

Uchochoro mzima ulipigwa na butwaa. Dereva wa teksi aliacha tende mdomoni. Hakuna mtu katika mji huu aliyewahi kukubali. Watu wameahidiana nyumba, mashamba, roho zao, na tangu dunia iumbwe hakuna aliyejibu "haya, lete".

"Mama," Afande alisema polepole, "yale yalikuwa..."

"Yalikuwa nini? Hukumaanisha?"

Afande alimtazama Siamak, akamtazama mwenye teksi, akamtazama fundi. Wote walikuwa wakimtazama yeye, glasi mkononi, na kila mmoja moyoni akikumbuka mambo aliyowahi kuahidi. Kusema mbele ya mashahidi wale kwamba hukumaanisha ni aibu isiyofutika. Masikio ya Afande yalikuwa mekundu.

"Nilimaanisha," alisema. "Juu ya macho yangu."

"Basi kibao cha njia moja kipo pale chini. Kivuli pia kipo, usiogope. Chai nitakuletea."

Afande aliwaamuru wote watoke, wa nyuma kwanza, pua mbele, akianza na gari la doria lenyewe. Siamak alibaki na lake, amelisogeza ukutani, kwa sababu hakujua aende wapi tena. Hapo akamwona Manuchehr getini, kofia kichwani, fimbo mkononi, akitega sikio. Siamak hakuweza kujizuia. Mtu wa kwetu hawezi kumwona mzee kasimama akanyamaza.

"Mzee wangu, unakwenda kununua mkate? Amri yako tu. Nitakubeba hata mgongoni."

Manuchehr alimtazama mkewe, kisha akamtazama Siamak, na kwenye pembe ya mdomo wake palikuwa na kitu ambacho mkewe alikuwa hajakiona tangu ile nyonga ivunjike.

"Nimekubali," alisema Manuchehr. "Ila mgongoni hapana. Kwa miguu. Nipe mkono."

Wakaanza kushuka. Fimbo, mguu, mguu. Siamak, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukaa nyuma ya kitu chochote bila kukipigia honi, alikwenda mwendo wa mtu aliyevunjika nyonga. Kila Manuchehr aliposimama kupumua, naye alisimama. Kila mlango walioupita ulikuwa safari. Bi Farangis alibaki karibu na kigoda chake, glasi tupu zimejaa kwenye sinia. Hakuogopa hivi alipokuwa anasimamisha magari.

Walikuwa karibu na chini pale pikipiki ilipochomoka nyuma ya mgongo wa Afande, ikapanda uchochoroni kwa kasi, kinyume cha njia. Bi Farangis alimwona Manuchehr akikakamaa. Aliona mkono wake ukiukamata mkono wa Siamak, na mwili wote ukitaka kugeuka urudi nyumbani.

Siamak aliruka mbele yake. Alitanua mikono yote miwili katikati ya uchochoro, koti limefunguka, uso umemwiva.

"We mpumbavu!" alifoka, sauti ikafika mpaka juu. "Huoni hii ni njia moja? Huoni watu wanatembea? Huna baba nyumbani?"

Pikipiki ilisimama. Mwenyewe akaanza kueleza kwamba alikuwa na haraka kidogo. Siamak alimwuliza haraka gani, ya nani, ya kwenda wapi, na mzee wa watu akivunjika mguu, je? Halafu ghafla alisikia maneno yake mwenyewe. Alibaki amesimama na mikono yake hewani, hajui aishushe vipi. Afande alifika mbio, akapuliza filimbi, filimbi ya kwanza kusikika kwenye Uchochoro wa Yasi, na pikipiki ikageuzwa.

Manuchehr alimgonga Siamak mgongoni kwa kiganja, taratibu, kama unavyomtuliza farasi, akamtangulia. Akapita kona peke yake, na Siamak akamkimbilia.

Bi Farangis alicheka mpaka akakaa chini kwenye kizingiti, na katikati ya kicheko akakuta analia. Aliingia ndani akaosha glasi. Jikoni palikuwa pake tena. Aliirudisha chumvi kwenye kopo lake, akauonja mchuzi, akasimama akisikiliza geti.

Walichelewa sana. Manuchehr aliporudi alikuwa ametota jasho, anahema, na mkate mrefu unafuka moshi mkononi.

"Mbona umekawia hivyo?" mkewe alimfokea, kwa kuwa jambo jingine lolote lisingemtoka mdomoni.

Manuchehr alivua kofia, akabandua kijiwe kimoja cha moto kwenye mkate, akakiweka mezani.

"Kesho," alisema, "usiteleke chai kabla sijarudi."